Waja leo mnauliza: Tanga, kuanzia mlimani mpaka baharini

Toleo lililopita tuliweka ukurasa mmoja tu wa milima ya Usambara na maswali yakamiminika mpaka mhariri akasema basi. Kilichonishangaza ni kwamba wengi walioandika ni watu wa Tanga wenyewe, siyo wageni. Nimechagua haya machache, na mtaona mengi jibu lake linarudi pale pale, kwamba huku kwetu mlima umekaa karibu sana na bahari, na hilo peke yake linaeleza mvua, misitu, mito na hata nani kajenga wapi. Wale wawili mlioniuliza kuhusu ndoa zenu, mmekosea ukurasa, dada yetu wa mambo ya nyumbani atawajibu.

SWALI: Kaka shikamoo kama we mkubwa, kama mwenzangu basi mambo. Mi ni dereva wa boda Mombo, kila siku napandisha abiria Soni na Lushoto. Hapa Mombo jua linaunguza mpaka lami inanata, nikifika juu navaa koti. Afu abiria waliotoka Amani wananiambia kwao mvua haikatiki. Si mlima mmoja huu? Na je, Usambara ilishawahi kulipuka kama Kilimanjaro?

JIBU: Marahaba, maana mvi zimeshaanza. Nianze na la mwisho. Usambara siyo volkano na haijawahi kuwa. Siku ukiwa huna haraka simamisha pikipiki kwenye moja ya zile kona za kupanda Soni, pale walipokata mwamba kupitisha barabara, uangalie ukuta wa jiwe kwa karibu. Utaona mistari mieupe na meusi imepishana na kujikunja kunjakunja kama chapati ya kusukuma. Huo mwamba ulipikwa na kukandamizwa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, baadae sana ardhi ikapasuka kwenye nyufa ndefu, kipande kimoja kikanyanyuka na cha jirani kikabaki chini, ndo maana ukiwa Mombo unaona mlima umesimama kama ukuta wala haujachongoka kama Kilimanjaro. Kilimanjaro kwa umri ni mtoto, haifikishi hata miaka milioni 3. Usambara iko kwenye kundi la milima mikongwe inayoitwa Tao la Mashariki, inaanzia Taita kule Kenya, inakuja Upare, Usambara, Nguu ya kule Kilindi, inashuka Uluguru mpaka Udzungwa.

Sasa hilo la mlima mmoja. Kwa kweli ni miwili. Kuna Usambara Magharibi, hiyo ya Lushoto na Bumbuli ambayo vilele vyake vinapita mita 2,200, na kuna Usambara Mashariki ya Amani ambayo ni fupi zaidi, kilele chake kikubwa kinafika kama mita 1,500 tu. Katikati yao kuna bonde la mto Lwengera. Ukiwa na ramani utaona Usambara Mashariki iko kama kilometa 40 tu kutoka baharini, na kati yake na bahari hakuna kitu kirefu cha kuzuia upepo. Kwa hiyo kusi ikivuma inatoka baharini na unyevu wake wote, inajigonga kwenye ule mlima, hewa inapanda, inapoa, inamwaga. Kaskazi nayo ikija inapita baharini vilevile, inaleta ya kwake. Ndo maana Amani inapata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na hakuna mwezi unaopita mkavu kabisa, wakati sehemu nyingi za nchi hii mwezi wa nane unaangalia vumbi tu.

Wewe wa Mombo uko upande wa nyuma. Upepo ukifika kwako umeshapanda milima, umeshamwaga maji yake huko, sasa unateremka, na hewa ikiteremka inapata joto na kukauka. Ukisogea kidogo tu kwenda Mkomazi unakutana na migunga na mibuyu, mvua yao mara nyingi haifiki hata nusu ya ile ya Amani. Na koti unalovaa Lushoto ni habari ya urefu, maana kutoka Mombo mpaka Lushoto mjini unapanda karibu mita 1,000 ndani ya kilometa thelathini na kitu, na kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6. Wajerumani walilijua hilo mapema, Lushoto waliiita Wilhelmstal wakajenga nyumba zao huko kukimbia joto na mbu wa pwani.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu Muheza. Mwalimu wa jografia alisema Amani kuna wanyama na mimea ambayo duniani haipo kwingine. Nikamuuliza kwanini, kengele ikalia. Naomba jibu.

JIBU: Mdogo wangu, hilo swali wazungu wenye madigrii wamelifanyia kazi zaidi ya miaka 100, kwa hiyo mwalimu wako kuokolewa na kengele siyo dhambi.

Fikiria hivi. Afrika ilishapitia vipindi virefu vya ukame, dunia ilipokuwa na barafu nyingi huko kaskazini, mvua za huku zikapungua na misitu ya bara ikasinyaa, nyasi zikachukua nafasi. Lakini Bahari ya Hindi haikukauka bwana. Iliendelea kuleta unyevu, na milima iliyosimama jirani na pwani ikaendelea kuudaka. Kwa hiyo msitu wa huku ulibaki wakati wa jirani umekufa, na ulibaki kwa mamilioni ya miaka, sio maelfu. Viumbe waliokuwa ndani wakawa kama wapo kisiwani, chini wamezungukwa na nyika kavu ambayo kinyonga wa msituni au chura wa majani mabichi hawezi kuivuka. Miaka inaenda, wanazaana wao kwa wao, wanabadilika, mwisho wa siku una kinyonga wa Usambara ambaye siyo yule wa Uluguru, una bundi mkubwa anaitwa kwa jina la Usambara, una kandege kadogo cha mdomo mrefu ambacho ukitoka Usambara Mashariki unakikuta tena mbali sana, kaskazini mwa Msumbiji, katikati hapo hakipo.

Mmea maarufu kuliko yote ni ua dogo la rangi ya zambarau, Saintpaulia. Ukilikuta porini linakuwa limejibanza kwenye ufa wa jiwe, sehemu yenye kivuli na maji yanayochuruzika, majani yamelala chini yana vinywele kama vya peichi, udongo wenyewe ni kiganja kimoja. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala huku, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma mbegu kwa baba yake Ujerumani, mwaka uliofuata wataalamu wakalitangaza kwa jina lake, na kutokea hapo likawa ua la dirishani Ulaya na Marekani, wanauza mamilioni. Nchi yake ya asili ni huku kwetu na milima ya jirani, hata kwenye miamba ya chokaa karibu na Tanga mjini lipo, ila porini baadhi ya aina zake zimebaki kwenye vijisehemu vidogo sana kiasi kwamba mtu mmoja akifyeka kivuli ili apande iliki, aina nzima inaweza kupotea. Nasema hivi nikijua kwamba iliki ndo ada ya shule kwa watu wa Amani, sio kwamba wanafyeka kwa ukorofi.

Na usidhani msitu wa Amani wote ni wa asili. Wajerumani waliweka kituo cha utafiti pale 1902 wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia kujaribu ipi italipa. Kuna mti mmoja unaitwa Maesopsis, kwao asili ni huko Kagera, Uganda na Kongo, uliletwa na kupandwa, afu miaka ile magogo yalipokuwa yanavunwa kwa mashine ukapata nafasi zenye jua ukaota kila mahali. Anayeusambaza ni hondohondo, yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kofia, anakula tunda huku anaenda kunya mbegu kule. Huwezi kumkamata ukamshtaki. Msitu umekuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 1997 lakini Maesopsis haisomi mabango.

La mwisho kwako, ukiona udongo mwekundu wa mlimani usidhani una rutuba kwa sababu msitu ni mnene. Mvua ya miaka yote imeshaosha virutubisho, chakula kiko kwenye majani yanayooza juu juu hapo. Ukikata msitu ukalima mahindi, misimu miwili mitatu unavuna vizuri, baada ya hapo unaanza kulaumu mbegu.

SWALI: Babu yangu anasema kuna mbwa aliingia mapango ya Amboni akatokea Mombasa. Mjomba anasema ni Kilimanjaro. Nani mkweli?

JIBU: Mbwa huyo angekuwa na simu angetusaidia. Babu na mjomba wote wanasimulia walichosimuliwa, ila wataalamu walioyapima mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote halifiki hata kilometa moja. Na kwa jiolojia haiwezekani, maana mapango yanatokea kwenye chokaa, na chokaa yetu ni mkanda wa pwani tu, iliyotengenezwa na bahari ya zamani, kama miaka milioni 150 iliyopita. Maji ya mvua yakipita kwenye udongo yanabeba tindikali nyepesi, yanaingia kwenye nyufa za chokaa na kuila taratibu, yakidondoka kutoka darini yanaacha chokaa kidogo kidogo ndo unapata zile stalaktaiti ambazo waongoza wageni wanakuonyesha hii sofa, ile mamba, ile msikiti. Ukienda kuelekea Kilimanjaro chokaa inaishia njiani unaingia kwenye miamba ile ya zamani niliyomwambia kaka wa boda, hiyo haitobolewi na maji hivyo.

Chokaa hiyo hiyo ndo inasagwa simenti pale Pongwe, kwa hiyo nyumba nyingi za Tanga zimejengwa kwa jamaa wa karibu wa mapango.

Kilichokuwa cha kweli ni kwamba mapango yamewahi kuficha watu. Miaka ya hamsini Osale Otango na mwenzake walikuwa wanasakwa na serikali ya mkoloni na wakajificha huko, wazee wa Tanga mpaka leo wanawasifia kuliko wanavyostahili nadhani. Mzimu nao upo, yaani kuna sehemu watu wanapeleka ubani na sadaka, ukipita hapo usiguse vitu vya watu. Na karibu na hapo kuna chemchemi za maji ya moto yenye harufu ya kiberiti, zinaitwa Galanos, watu wanaenda kuoga kwa magonjwa ya ngozi.

SWALI: Sisi wavuvi wa Kigombe tunasikia yule samaki wa zamani, silikanti, ametufanya tuwe ndani ya hifadhi. Kwanini aje kwetu tu? Na akinaswa tufanye nini, maana kuna wanaosema analiwa.

JIBU: Ndugu zangu, hajaja. Alikuwepo kabla ya nyie, kabla ya samaki wengi mnaowajua, na kabla ya mtu yeyote.

Wataalamu walikuwa wanamjua kwa mabaki ya kwenye mawe tu, wakasema ametoweka pamoja na madainosaria, karibu miaka milioni 66 iliyopita. Afu Desemba 1938 akanaswa mmoja Afrika Kusini, dunia ikapigwa butwaa. Baadae ikajulikana Komoro wapo. Huku kwetu ilianza kusikika 2003 na kuendelea, wakanaswa makumi ndani ya miaka michache kwenye pwani ya Tanga, kuliko sehemu nyingi wanazojulikana. Sababu ni mbili zimekutana. Ya kwanza ni sakafu ya bahari, maana hapo mbele yenu baada ya miamba ya matumbawe bahari haiendi ikizama polepole, inaporomoka, ule mkondo kati yetu na Pemba unafika mamia ya mita, na kwenye kuta zake kuna mapango na maji ya baridi anayoyapenda. Ya pili ni nyavu. Wavuvi walianza kupeleka majarife ya papa kwenye kina kirefu zaidi kwa sababu samaki wa juu wamepungua, na jarife likishuka huko halichagui. Yaani kuonekana kwake kwa wingi sio habari njema sana.

Mkimuona mtamjua hapo hapo. Mkubwa, anaweza kupita urefu wa meta moja na nusu, rangi ya bluu iliyokolea na madoa meupe, magamba magumu, na mapezi yake ya chini yametokea kwenye vikono vyenye nyama, akiogelea anayapeleka kwa kupishana kama mtu anavyotembea. Kumla msijaribu, nyama yake ina mafuta ya ajabu na inaharisha. Wala haongezeki haraka, utafiti wa 2021 wa silikanti wa Komoro ulionyesha anaweza kuishi karibu miaka 100 na mimba yake ni kama miaka 5, anazaa watoto hai. Sasa ukiua jike mmoja hebu piga hesabu mwenyewe. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilitangazwa 2009, inaanzia mdomo wa Pangani kwenda kaskazini. Akinaswa akiwa hai mrudisheni fasta kwenye kina, akiwa amekufa pelekeni taarifa ofisi ya hifadhi, msimkate.

Najua hasira zenu, kwamba samaki mmoja asiyeliwa amewafungia maeneo ya kuvulia. Mimi maoni yangu jarife la kina kirefu liondoke kwa kila mtu, ila mvuvi wa mshipi na dema asisumbuliwe, maana hao hawajawahi kuwa tatizo la silikanti.

Halafu hayo mafungu ya mbele yenu, yaani ile miamba na mchanga maji yakipwa inatokeza, yana historia nyingine. Mwaka 1499 Vasco da Gama akirudi kutoka India, mabaharia wake wamekufa wengi kwa ugonjwa wa kukosa matunda, hakuwa na watu wa kutosha kuendesha meli zote, basi moja, São Rafael, akaichoma moto kwenye mafungu ya huku Mtangata. Ndo hapo hapo Tongoni kwenye magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo.

SWALI: Mwanangu, mimi bibi yenu wa Pangani. Zamani tulikuwa tunachota maji ya mto hapo juu kidogo tu, sasa chumvi inapanda mpaka minazi inakauka. Na kisiwa chetu cha Maziwe kilikuwa na miti, leo mchanga mtupu. Mungu katukasirikia?

JIBU: Shikamoo bibi. Tumuache Mungu kwanza, tuangalie mto unakotoka.

Mto Pangani hauanzii Tanga. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, mito ya Ruvu na Kikuletwa inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960. Hapo katikati kuna mashamba ya umwagiliaji ya Moshi na Arusha, miji yao yenyewe, maua, mpunga, miwa. Bwawa lenyewe ni pana na halina kina kirefu, jua linakunywa sehemu kubwa. Yakitoka hapo yanapita kwenye tambarare ya Kirua, ambako zamani kulikuwa na kinamasi kikubwa na sasa kimesinyaa, yanafika Korogwe yanapokea mito midogo ya Upareni na Usambara, afu yanazungusha mitambo ya umeme Hale na Maporomoko ya Pangani. Kinachobaki ndo kinakuja kwako.

Sasa mto na bahari siku zote wanasukumana mlangoni. Maji baridi ya mto yanapokuwa mengi yanaisukuma chumvi nje, yanapopungua bahari inaingia, na bamvua, yaani yale maji kujaa makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, inaipandisha chumvi juu kilometa nyingi. Chumvi ni nzito inapita chini, ndo maana unaweza kuchota juu ukaona ni matamu kidogo kumbe mizizi ya mnazi kule chini inakunywa bahari. Kina cha bahari duniani nacho kinapanda kidogo kidogo, kinaongezea. Lakini bibi nikuambie ukweli, tatizo kubwa liko juu, na wa juu hawaonji chumvi kwa hiyo hawana haraka.

Mikoko nayo muiangalie. Mchu na mkoko wenyewe zinavumilia chumvi, ila zikikatwa kwa nguzo na kuni ukingo unabaki uchi na maji yanamomonyoa.

Maziwe ni habari ya kusikitisha. Wazee wanakumbuka mivinje na vichaka na kasa wanapanda kutaga kila msimu. Miti ilianza kuondoka, mawimbi yakapata mchanga usioshikwa na mizizi, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna mti uliobaki, na sasa bamvua kubwa ikija kisiwa chote kinafunikwa na maji. Kasa hawakuacha kuja. Wanataga hapo hapo, mayai yatazama, kwa hiyo kuna watu wanakwenda kuyafukua na kuyahamishia fukwe za bara yaanguliwe huko.

SWALI: Nimezaliwa Dar, baba Mbondei mama Msambaa, sijui kwetu ni wapi hasa. Haya makabila ya Tanga yamepangwaje?

JIBU: Kwenu ni Muheza bana, mtoto wa baba. Ila kwa mama ndo chakula kizuri.

Ukisoma ramani ya makabila utaona inafuata urefu wa ardhi. Pwani kaskazini kuelekea Horohoro kuna Wadigo na Wasegeju, na Waswahili wa miji ya zamani. Ukipanda kidogo kwenye vilima vya Muheza ndo Wabondei. Mlimani kabisa Wasambaa. Kusini kwenye nyika ya Handeni na Korogwe Wazigua, na Kilindi kwenye milima ya Nguu wapo Wanguu. Mkoa mzima una zaidi ya watu milioni 2.6 kwa sensa ya 2022, na siku hizi kila mtu yuko kila mahali, hilo nalo tuseme.

Wasambaa ndo wamenivutia zaidi. Vijiji vyao vya zamani, pamoja na Vuga mji wa wafalme, hawakuvijenga katikati ya mlima wala chini bondeni, waliviweka jirani na kingo. Kwanini? Kwa sababu juu una migomba na mvua, chini nyika una joto, mahindi yanayoiva mapema na wanyama wa kuwinda, sasa ukikaa ukingoni una mashamba mawili ya hali ya hewa mbili, ukame ukipiga moja unakula nyingine. Ni akili kubwa kuliko mipango mingi ya kilimo niliyowahi kusoma. Waingereza baada ya vita ya pili walikuja na mradi wa kulazimisha matuta huko Mlalo na kwingineko, watu wakaukataa mpaka ukafa 1957.

Ufalme wenyewe wanasimulia ulianzishwa na Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, alifukuzwa kwao kwa mkosi maana meno ya juu yalianza kuota, akapanda Usambara anagawa nyama ya nguruwe pori waliokuwa wanawamalizia watu mazao, wakamfanya mfalme. Ukoo wake ndo Wakilindi. Kimweri ye Nyumbai aliutawala mpaka 1862 na mkono wake ulifika pwani, alipofariki wanawe na wajukuu wakagombana, biashara ya watumwa ya Pangani ikanoga kwa huo ugomvi.

Usiwasahau Wambugu, wafugaji wa juu kabisa kwenye baridi, lugha yao ya Kimaa wanaisimu wanaizunguka mpaka leo maana maneno mengi yana asili ya Kikushi na viambishi ni vya Kibantu. Na Wazigua, kuna wengine walichukuliwa utumwani karne ya 19 wakapelekwa Somalia, wakabaki na Kizigua chao vizazi vyote, vita ilipowafukuza huko wakarudi, wapo Chogo, Handeni.

SWALI: Mkonge ulitoka wapi na kwanini Tanga?

JIBU: Kifupi, asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Dk Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, safari ikaua karibu yote, iliyofika hai ni 62, ikapandwa karibu na Pangani. Mkonge unapenda jua na chokaa na hautaki udongo unaotuamisha maji, tambarare kati ya pwani na mlima ndo zilezile. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka huo huo ikaubeba mpaka bandarini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, baadae kamba za nailoni zikaingia na bei ikaanguka, mengine mnayajua.

SWALI: Kuna mtu kaniambia Tanga unaweza kuona tembo ufukweni. Kamba hizo?

JIBU: Hapana, ni Saadani, hifadhi pekee ya taifa nchini ambayo nyika yake inagusa Bahari ya Hindi, ipo kati ya Pangani na Bagamoyo. Tembo, simba, twiga, nyati wapo. Kumkuta tembo kwenye mchanga kabisa ni bahati yako, usimlipe mtu kwa ahadi hiyo. Nenda kiangazi, Julai mpaka Septemba hivi. Masika usijaribu na gari ndogo, udongo wa kule ni mweusi wa mfinyanzi, ukilowa unashika tairi na hakuna wa kukusukuma zaidi ya hao simba.